Matanga ya Lugha Iliyo Hai

Atka,
Visiwa vya Aleuti, Alaska.
11 Desemba

Mpendwa mdogo wangu Nikifor,

Pokea salamu nyingi kutoka kisiwani kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Anchorage, wewe na wifi yangu Carol na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Carol aliniambia kwenye simu kwamba daktari amekukataza kubeba vitu vizito na wewe husikii. Msikilize daktari, mdogo wangu, hata kama watu wengine huwasikilizi.

Sisi huku miili yetu ni mizima. Shemeji yako Zakhar kikohozi kimemwachia, na juzi alipata simba-bahari mnene kule upande wa pili wa ghuba, akagawa nyama kijiji kizima kama kawaida. Upepo umekuwa mkali, ndege imeshindwa kutua mara kadhaa. Sanduku lako la matufaha lilifika, mengine yameganda, tukayapika yakawa matamu. Ahsante sana. Ndani ya kifurushi hiki nimekutilia samaki wa halibati mkavu, ingawa nilipokuwa nikimfunga nilijiuliza kama unastahili.

Basi, salamu zimekwisha. Sasa kaa chini, Nikifor, na chai uiweke pembeni isije ikakupalia. Umetufanyia nini?

Usijitie hamnazo. Nazungumzia kile kipindi cha redio. Wewe mwenyewe ulituletea ujumbe kwamba watakuhoji kuhusu maonyesho yenu ya makumbusho, ukasema tusikose. Hatukukosa. Zakhar alikifungua kwenye kompyuta, sauti akaipandisha mpaka mwisho, tukajazana jikoni kwa Shangazi Mavra. Jirani yetu Fekla alikuja na kufuma kwake. Mzee Arseni alikuja na karata zake mfukoni, akaegesha lile sikio lake zima karibu na spika. Shangazi alikuwa anakanda unga wa mikate. Ulipoanza tu kusema, aliinua mkono uliojaa unga akatunyamazisha wote: «Nyamazeni! Mwanangu huyo anasema!» Alisema kwa lugha yetu, bila shaka. Uso wake, laiti ungeuona. Alikuwa anang'aa.

Halafu yule mtangazaji akakuuliza habari za Kialeuti, kama wanavyoiita lugha yetu. Ukavuta pumzi, ukafanya sauti yako ya kanisani, ukasema: «Lugha yetu imekufa. Ilikufa siku tuliyomzika bibi yangu. Hakuna tena wa kuzungumza naye.» Yule mwanamke akakupa pole. Nawe ukaipokea! Ukasema ahsante!

Nikifor! Bibi yako unayemsema ndiye mama yake Shangazi Mavra, na Shangazi Mavra alikuwa amesimama pale, mzima, unga mpaka viwikoni. Mtu aliyekulea mama alipokuwa hospitalini. Mtu aliyekufundisha kumpasua samaki na kumtukana samaki aliyekuponyoka. Alilitazama lile donge la unga, akalifunika kwa kitambaa taratibu, akanawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja. Kisha akanigeukia akaniuliza kwa Kiingereza: «Mazishi ni lini?»

Nilidhani anatania. Mzee Arseni naye alicheka mpaka meno yakataka kumtoka. Lakini Shangazi hakucheka. Unajua vizuri kwamba tangu nimezaliwa mimi, na tangu umezaliwa wewe, hajawahi kutusemesha Kiingereza hata siku moja. Kiingereza kwake ni cha rubani, cha daktari, na cha watu wa serikali wanaokuja na mikoba. Anakijua vizuri, hakosei, lakini amekiweka mlangoni pamoja na viatu vya wageni. Siku hiyo akakiingiza ndani.

Asubuhi yake nikaenda kumwona. Ala! Nimkute amejifunga kitambaa cheusi kichwani, amewasha taa mbele ya picha takatifu, na mezani, pale mahali alipokuwa akikaa bibi, ameweka kikombe cha chai cha marehemu. Nikamuuliza, kulikoni? Akanijibu, tena kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba kuna msiba, na msiba hukaliwa. Nikamwambia Shangazi, acha mzaha. Akaniambia: «Mtoto wa nyumba hii ametangaza kifo mbele ya dunia nzima. Mimi ni nani nimfanye mwongo?»

Halafu akachukua ile redio ya mawasiliano iliyopo kila jikoni hapa, ile tunayoitia watu kwenye chai na tunayotangazia vifo, akabonyeza, akatangaza kijiji kizima kwamba nyumbani kwake kumefiwa. Hakutaja jina. Na wewe umekulia hapa, unajua kinachofuata likitoka tangazo la namna ile. Hakuna anayeuliza kwanza. Watu wakawasha majiko. Fekla akaja mbio na piroki, ile pai yetu ya samaki na wali, bado ina moto, machozi yameshamlowesha kola. Zakhar akaacha injini aliyokuwa akitengeneza, akaja kuuliza kaburi lichimbwe wapi. Mzee Arseni akaleta ndoo ya samaki wa chumvi, kofia mkononi.

«Nani kafa?» Fekla akauliza.

«Lugha yetu,» Shangazi akasema. «Nikifor kasema.»

Fekla akanitazama mimi, akaitazama piroki yake, hakujua airudishe au aiweke mezani. Mwishowe akaiweka. Angefanyaje? Chakula cha msibani hakirudi nyumbani. Tukakaa tukala, watu wazima na akili zetu, tunaililia lugha ambayo asubuhi hiyo hiyo nilikuwa naitumia kuvitukana vyombo jikoni kwangu! Unaona aibu uliyotutia?

Tangu siku hiyo hajatoa neno la kwetu. Haimbi akifagia. Hachezi karata. Mzee Arseni anakwenda kila siku kumchokoza, anasimama katikati ya jikoni na kupiga kelele kwa lugha yetu kama anavyofanya miaka yote: «Wewe kikongwe, mwaka jana uliniibia kwenye karata, na mkia wa samaki wako umeungua!» Zamani angejibiwa tusi ambalo lingemtoa nje. Sasa Shangazi anamkaribisha kiti, anamwambia kwa Kiingereza ahsante kwa kuja, na kumwekea sukari. Juzi Arseni alitoka pale akakaa kwenye ngazi yangu, akaniambia: «Agrafena, amenishukuru. Miaka yote ninayomjua hajawahi kunishukuru.» 

Nataka unijibu swali moja. Nani alikupa ruhusa? Wazee walikaa wakakutuma? Uliitisha watu? Mtu wa kwenu akiwa mahututi, hata daktari hatangazi mpaka aweke sikio kifuani. Wewe uliweka sikio wapi? Mara ya mwisho umekuja lini ukakaa jikoni ukasikiliza?

Wageni nimewazoea. Kila kiangazi wanashuka kwenye ndege na vinasa sauti, wanatuhesabu kama ndege wa miambani, wanaandika tumebaki wangapi, wanakunywa chai yetu, wanaondoka na nyuso za huzuni. Hao nawasamehe, hawajui wanachokiangalia. Wakimsikia mtu anasitasita wanamtoa kwenye hesabu. Mimi mwenyewe walinitoa, eti nachanganya. Sawa, nachanganya! Nachanganya na bado natukana vizuri. Lakini wewe si mgeni, Nikifor. Wewe umelala kifuani kwa huyo mwanamke uliyemzika.

Shangazi alikuwa mtoto mdogo walipowapakia melini wakati wa vita na Wajapani, na wanajeshi wetu wenyewe wakakichoma kijiji nyuma yao ili adui asikipate. Wakawekwa kwenye vile vibanda vya kule kusini, wazee wakafa mmoja baada ya mwingine, na bado waliobaki walirudi hapa wakazungumza. Shuleni walimsugua ulimi kwa sabuni. Anasema mpaka leo akinusa sabuni ile meno yanamuuma. Akarudi nyumbani kila jioni akazungumza. Yote hayo hayakumfunga mdomo. Umekuja kumfunga wewe, kwa sauti ya upole, kwenye kipindi cha adhuhuri.

Sikatai kwamba hali ni mbaya. Usiniandikie kunieleza hali, mimi ndiye ninayeishi nayo. Tuliobaki tunajuana kwa majina, hapa na kwenye visiwa vingine, na kila mazishi yananinyima usingizi. Lakini mtu anayepumua, unamchimbiaje kaburi? Tena mbele yake, akiwa anakukandia mkate?

Na nitakuambia jambo jingine, utakasirika, ukasirike tu. Iliyokufa ni yako. Walikupeleka shule ya bweni ungali mdogo, ukarudi ulimi umekuwa mzito, watoto wenzako wakakucheka, ukanyamaza. Hilo halikuwa kosa lako na sijawahi kukulaumu. Nililia kwa ajili yako, na mama alilia. Lakini wewe ulipoteza ufunguo, ukaenda kutangaza kwamba nyumba imeungua. Sisi tumo ndani ya nyumba, Nikifor! Tunapika!

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo palipoutoboa moyo wangu.

Unakumbuka mikate ya kukaanga ya Shangazi. Unakumbuka na sharti lake. Mtoto akitoka shule anasimama mlangoni, anasalimu «Aang», anasema yeye ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani, kisha anaomba mkate, yote kwa lugha yetu. Akikosea anarekebishwa, anarudia. Akiomba kwa Kiingereza, Shangazi anageuka kiziwi, anaendelea kukaanga, na harufu ile inamkomesha mtoto mwenyewe. Wewe ulipitia mlango huo, mimi nilipitia, baba alipitia kwa bibi. Kitabu cha kufundishia hatuna cha maana, mwalimu anakuja anaondoka, lakini mlango ule haujawahi kufungwa. Mwaka huu watoto walikuwa wameanza kunoga. Mjukuu wangu Lukeria alikuwa amefika mahali pa kubishana: akipewa mkate mdogo anadai mkubwa, na anadai kwa lugha yetu, bila kusaidiwa. Shangazi alikuwa anampa mdogo makusudi ili amsikie akigomba.

Siku ya pili ya msiba huo Lukeria amerudi nyumbani na mkate mkononi, haujaliwa.  Nikamuuliza una nini, mkate hutaki? Akaniambia: «Hakuniuliza mimi mtoto wa nani. Nimeingia tu, akanipa.»

Anawapa wote, Nikifor. Mwenye kuomba kwa Kiingereza anapewa. Asiyesema kitu, amenyoosha mkono tu, anapewa. Hata wa pili anapewa. Wengine wamefurahi, watoto ni watoto, wanakula wanakimbia. Nilisimama pale nikaona mikate inaondoka bure, nikatoka nje nikalia nyuma ya matangi ya mafuta mpaka pua ikaganda. Siku nikilia namna hiyo unajua kwamba nimekasirika kweli.

Shangazi ana umri mkubwa. Majira haya ya baridi tukiyapoteza, sijui kama tutapewa mengine naye. Watoto wadogo wanasahau haraka, Lukeria tayari ameanza kuomba kwa Kiingereza hata kwangu.

Na Krismasi yetu ya Januari hiyo inakuja. Ile nyota ya kuzunguka nayo nyumba kwa nyumba tukiimba tumeshaitoa stoo, Zakhar ameikaza misumari na kubadilisha karatasi za rangi. Lakini nani ataongoza nyimbo? Beti za mwanzo nazijua, za katikati zinanikimbia. Arseni anajua maneno yote, ila haisikii sauti yake mwenyewe, anaimba wimbo mwingine kabisa. Tulijaribu juzi kanisani, tukafika ubeti wa tatu tukatazamana. Fekla akaanza kucheka kwa woga. Shangazi alikuwa amekaa nyuma kabisa na kitambaa chake cheusi. Midomo ilikuwa imebana, lakini nilimwangalia vidole vyake kwenye goti. Vilikuwa vinaimba.

Nikamfuata nyumbani nikamwambia, Shangazi, inatosha, anua matanga. Akasema matanga ni arobaini. Nikamwambia arobaini yenyewe inaangukia mkesha wa Krismasi, meza moja itakuwaje ya msiba na ya sikukuu? Akasema hilo si tatizo lake, hakuchagua yeye siku ya kufiwa. Nikamwambia basi nimpigie Nikifor simu, aombe radhi, yaishe. Hapo akanitazama kwa yale macho yake, akasema: «Alimuua kwa redio. Kumfufua aje kwa miguu yake.»

Basi ndiyo sababu naandika, na sijapiga simu. Ukipiga hatapokea, nimeshajaribu kumtega.

Naijua hoja yako kabla hujaitoa. Utasema ndege ni ghali na hali ya hewa ni mbaya. Zakhar na kaka zake wameshakubaliana kwamba hata ndege ikikuacha kisiwani Unalaska, watakufuata huko kwa boti. Utasema una kazi. Kazi gani, ya kuhifadhi vitu vyetu kwenye vioo? Kinachohitaji kuhifadhiwa kimefunga kitambaa cheusi na kinakunywa chai yenye sukari nyingi.

Halafu utasema lile la kweli, lile usilolisema kwenye redio: kwamba unaona haya. Kwamba ukifungua mdomo mbele yake utasema kama mtoto wa miaka minne. Jamani, Nikifor! Ndicho tunachokitaka! Hakuna anayekuomba hotuba. Hotuba tumeshazisikia. Njoo usimame mlangoni pale pale ulipokuwa ukisimama, kamasi na yote. Useme «Aang». Useme wewe ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani, na bibi yako umtaje kwa jina, maana umemtumia vibaya. Kisha uombe mkate. Hayo unayajua. Nimekusikia ukiyasema usingizini ulipolazwa kwetu na homa mwaka ule, kwa hiyo usinidanganye.

Ukikosea atakurekebisha. Hilo ndilo ninaloliombea usiku na mchana, kwamba ukosee na yeye ashindwe kuvumilia. Unamjua, samaki akikatwa vibaya anaumwa kichwa. Ukiharibu jina la mama yake mbele yake, ama atakurekebisha ama atapasuka. Na akishakurekebisha neno moja tu, matanga yameanuliwa, na Lukeria atasimama nyuma yako kwenye foleni, na nyota itakuwa na mwenye kuiongoza.

Njoo kabla ya mkesha. Usije na kinasa sauti. Usije na mtu wa makumbusho. Mlete Carol ukitaka, na watoto walete kabisa, nao waambiwe ni wajukuu wa nani.

Nisalimie hao wote nyumbani, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Zakhar anakusalimu, anasema uvae viatu vya maana mara hii. Fekla anakusalimu, anauliza kama piroki yake umeiota maana ni wewe uliyemfanya aipike. Mzee Arseni naye amekutumia salamu, lakini siwezi kuziandika, kuna picha takatifu juu ya meza. Lukeria anakusalimu, ingawa hakukumbuki. Mungu akulinde, akufungulie anga, akushushe hapa salama.

Shangazi Mavra alikuja nilipokuwa namalizia. Nilimwambia nakuandikia wewe. Akakunja aproni, akakunjua, kisha akasema nikufikishie salamu zake. Anakusalimu sana, mdogo wangu. Kwa Kiingereza.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Agrafena